Wawili au Hakuna

Jumatatu, 15 Januari 1951

Tumefika shuleni jua likizama, vumbi hadi kwenye meno. Basi la kutoka Bungoma liliharibika Kamukuywa, tukamalizia safari juu ya lori la mahindi. Mukhwana alibeba sanduku letu kichwani, mimi nikabeba vitabu. Wenzetu walimpa pole yeye. Hakuna aliyempa pole mbeba vitabu.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nitaandika kama kwa mtu asiyetujua. Mukhwana ni pacha wangu. Kwetu Wabukusu anayetangulia kuzaliwa huitwa Mukhwana, na anayefuata huitwa Mulongo. Mimi ni Mulongo. Tuna miaka kumi na sita, tuko darasa la nane katika shule hii ya misheni karibu na Kitale, na sura zetu zinafanana kiasi kwamba mchungaji aliyetubatiza nusura ambatize Mukhwana mara mbili.

Nyumbani Bokoli mapacha hawatenganishwi. Mmoja akishonewa shati, la pili linashonwa siku hiyo hiyo. Mukhwana alipougua malaria, mimi niliyekuwa mzima nilinyweshwa kwinini pamoja naye, nikasikia masikio yakilia siku nzima kwa homa isiyokuwa yangu. Lakini hata katika usawa huo kuna wa kwanza na wa pili. Wageni humsalimu yeye kwanza. Mwaka jana tulipotahiriwa, kisu kilianzia kwake. Alisimama imara kama nguzo. Mimi pia nilisimama imara, ila zamu yangu ilipofika watu walikuwa wamekwisha kushangilia.

Ijumaa, 19 Januari

Leo Mwalimu Nderitu ametangaza jambo. Yeye alikuwa askari Burma wakati wa vita, na hadi leo hutembea kama anayesikia ngoma. Amesema baada ya Pasaka atachukua wavulana wachache kuukwea Masaba, mlima ambao ramani zinauita Elgon, hadi kwenye kilele cha Koitobos. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu kilele hicho huonekana kutoka jikoni, kama paa la nyumba iliyokatwa juu.

Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mimi! Ambaye hata jibu ninalolijua hulinong'ona. Nimesoma kila kitu kuhusu milima kilichomo katika kabati la vitabu, na mara nyingi nimeosha sufuria huku nikikitazama kile kilele.

Mukhwana alikuwa akisinzia.

Jumamosi, 20 Januari

Mukhwana amejiandikisha. "Nimesikia huko juu kuna baridi," akaniambia. "Nikaona ndugu yangu atahitaji mtu wa kumpasha moto." Akacheka, na bweni zima likacheka pamoja naye.

Jumamosi, 27 Januari

Matembezi ya kwanza ya mazoezi, kwenda mjini Kitale na kurudi kwa njia ya mashamba ya wazungu. Ardhi imekauka na kupasuka, na matrekta yanalima vumbi tupu. Mukhwana alikuwa mbele kabisa na Mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na malengelenge yangu, maana ndara za tairi zinanikata kisigino.

Katika chama chetu cha wapanda mlima yupo Kiplangat, mtoto wa huko huko mlimani, mwenye mdomo usiochoka. Mvulana mmoja alipomwuliza jinsi ya kututofautisha, alisema, "Rahisi, bana. Wakimbize. Atakayebaki nyuma ndiye Mulongo."

Jumamosi, 3 Februari

Matembezi hadi kinamasi cha Saiwa. Nimekuwa wa mwisho.

Alhamisi, 8 Februari

Upepo. Mchanga ndani ya uji.

Jumapili, 11 Februari

Edah ni binti wa mchungaji wa hapa misheni. Wiki iliyopita nilimwazima kitabu changu cha safari. Nilijikaza sana kumkabidhi, na nadhani nilimwambia maneno manne. Leo baada ya ibada alimfuata Mukhwana mlangoni na kumwambia, "Asante sana kwa kitabu. Sikujua wewe ni mtu wa kusoma."

Nami nimesimama pale pale, nyuma ya mlango.

Mukhwana hakusita hata kidogo. "Karibu tena," akasema.

Nilipomwuliza kwa nini hakumrekebisha, alishangaa kweli. "Si ni sawa tu? Kitabu chako ni changu. Ama sivyo?"

Kwake ni sawa. Ndiyo sababu siwezi hata kugombana naye vizuri. Haibi kwa siri. Anachukua waziwazi, huku akitabasamu, kama mtu anayechukua chake.

Jumamosi, 17 Februari

Leo nimegundua kitu, na sikumwambia mtu. Tulikuwa tunapanda vilima vya upande wa Cherangani, nami niko nyuma kama kawaida. Nikaacha kuwakimbilia wenzangu. Nikatembea mwendo wangu, mdogo, wa kuweza kupumua kwa pua. Baada ya muda moyo ulitulia, nikaanza kuona vitu: mavi ya fisi meupe kama chokaa, kinyonga kwenye tawi, mwanamke akichoma makapi upande wa pili wa bonde. Nilifurahi. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba nina ndugu.

Halafu nikafika juu nikamkuta amekwisha kupumzika, amevua shati, akiimba na wenzake, na Mwalimu Nderitu akipiga makofi. Furaha yangu ikaisha papo hapo.

Jumatano, 28 Februari

Joto. Milima imefichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mwalimu anasema mvua ikiwahi, safari hakuna, kwa sababu njia ya msituni hugeuka kuwa mto.

Jumamosi, 10 Machi

Majina yamesomwa.

Mwalimu Nderitu alitupanga mbele ya ghala. Alisema misheni imempa mablanketi manane, na huko juu mtu asiyekuwa na blanketi anaweza kufa, kwa hiyo atachukua wavulana wanane. Akaanza kusoma. Mukhwana alikuwa wa kwanza. Kiplangat wa tatu. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole vilivyomo mfukoni. Aliposoma jina la saba nilijiambia kwamba la nane ni langu, kwamba ameniweka mwisho kwa sababu ndipo ninapotembea. Jina la nane lilikuwa la mtoto wa darasa la sita.

"Wengine, asanteni kwa juhudi," akasema.

Nilibaki nimesimama. Nadhani aliona, maana alinijia na kunishika bega. "Mulongo, wewe una akili. Utatuandikia habari za safari. Ndugu yako atakusimulia, nawe utaziandika vizuri kuliko yeyote."

Ndugu yako atakusimulia. Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikaenda nyuma ya choo nikalia hadi nikatapika maharage.

Mukhwana alinitafuta. Alikaa kando yangu, kisha akasema, "Nitakuletea jiwe."

"Sitaki jiwe lako."

"Basi nikuletee nini?"

"Usiniletee kitu. Vunjika mguu."

Nilimwona akitafuta mzaha wa kunijibu, akaukosa. Akaondoka. Nilidhani nitajuta kusema vile. Sijajuta bado.

Jumatatu, 12 Machi

Nimeomba mvua. Katika sala ya asubuhi, wengine wakiombea wagonjwa na mfalme, mimi nilimwomba Mungu alete mvua mapema, nyingi, iifunge njia ya Masaba. Kama mimi siendi, asiende mtu.

Jumatano, 14 Machi

Mawingu upande wa magharibi. Mwalimu Nderitu anayatazama kwa wasiwasi, mimi nayatazama kwa matumaini. Nikijitazama moyoni sipendi ninachokiona, lakini nikiinua macho nayatazama tena mawingu.

Jumamosi, 17 Machi

Papa amekuja.

Baba yetu, Mzee Walubengo, ni karani wa mizigo katika stesheni ya Bungoma, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Hajawahi kutufuata shuleni. Leo alishuka kwenye lori la magunia akiwa amevaa koti lake la kanisani, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nderitu chini ya paa la ghala, ambako tulikuwa tukipaka ndara mafuta. Kwa hiyo tulisikia yote, chama kizima.

Walisalimiana kwa heshima sana. Kisha Papa akasema, "Mwalimu, nimesikia unampeleka mwanangu Masaba. Nashukuru. Lakini nimesikia unampeleka mmoja."

"Ndiyo, Mzee. Mukhwana ana nguvu. Huyu mwingine..."

"Hawa ni mapacha, Mwalimu."

"Naelewa, Mzee. Lakini mimi sikuchagua kwa kuzaliwa, nilichagua kwa miguu."

"Mimi ni Mkristo," Papa akasema, "na nimesoma. Sisemi kwamba mlima utamla. Lakini mama yao halali wala hali. Bibi yao amesema kwamba ukimpandisha mmoja na kumwacha mwingine chini, umewapasua. Hao ndio ninaowarudia nyumbani. Nakuomba. Wawili, au hakuna."

Mwalimu alikuna kichwa. "Mzee, mablanketi ni manane."

"Walitoshana tumbo moja miezi tisa. Hawatashindwa na blanketi."

Watu walicheka, na Mwalimu akacheka pia, na hapo nikajua amekubali. Papa hakucheka. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili. "Niahidi basi. Wakienda wawili, wabaki wawili, warudi wawili. Usiwatenganishe huko."

"Naahidi, Mzee."

Kwa hiyo naenda Masaba. Ninaandika maneno haya kwa hasira. Nilitaka jina langu lisomwe. Badala yake nimeongezwa kama mchuuzi wa sokoni anavyoongeza nyanya iliyobonyea juu ya fungu. Kiplangat amekwisha kunipa jina jipya. "Karibu, Nane na Nusu!"

Jumapili, 18 Machi

Nani alimpelekea Papa habari? Mukhwana. Alimtuma dereva wa lori la magunia. Hakukataa nilipomwuliza.

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Basi kwa nini unanionea huruma?"

"Nani amesema ni huruma?" Akageukia ukuta, akajifunika gubigubi.

Jumapili, 25 Machi. Pasaka

Mawingu yamekaa lakini hayajanyesha. Sasa naomba yasinyeshe. Sijui Mungu ananionaje.

Jumanne, 27 Machi

Lori la misheni lilitushusha mbele ya Endebess, tukaingia msituni kwa miguu. Miti mikubwa kiasi kwamba sisi wavulana tisa tukishikana mikono hatuwezi kuuzunguka mmoja. Kila mtu ana mzigo wake mgongoni. Mwalimu amebeba shanta yake ya jeshini, sisi tuna magunia yaliyofungwa kwa kamba. Mukhwana alibeba gunia lake na sufuria kubwa pia, akatangulia akipiga mluzi.

Nilikuwa nyuma, nikimtazama kisogo. Nimekitazama kisogo hicho maisha yangu yote. Kina kovu dogo la umbo la mbegu ya boga, na yeye mwenyewe hajawahi kuliona.

Tumelala... yaani tutalala kwenye pango ambalo watu wa mlimani walikuwa wakifugia ng'ombe. Ukutani kuna alama ambazo Kiplangat anasema ni za meno ya tembo, eti huja kulamba chumvi ya mwamba. "Wakija usiku, tutawatupia Nane na Nusu," amesema. Nimemjibu, "Watashiba nusu tu." Pango zima lilicheka. Mimi ndiye niliyeshangaa kuliko wote.

Jumatano, 28 Machi

Mianzi siku nzima. Njia ni nyembamba na imeinama juu kama handaki, na magunia yananasa kila hatua. Mukhwana alikuwa akiivunja njia kwa mabega, nasi tukifuata. Nje ya mianzi upepo ulitupokea kama kofi. Miti imekwisha. Kuna nyasi za mafundomafundo na mimea mirefu yenye shina moja na kichwa cha majani, imesimama ubavuni mwa mlima kama umati wa watu walionyamaza tulipopita.

Jioni, tukiota moto kabla ya kulala, tulikuwa tumejifunika lile blanketi moja, magoti yakigongana. Mukhwana alisema bila kunitazama, "Ile habari ya kumtuma dereva. Haikuwa huruma."

"Ilikuwa nini?"

"Sijawahi kulala mahali ambapo wewe hupo. Hata mara moja. Niliposomewa jina nilifurahi, halafu nikafikiria usiku." Akachokoa moto. "Ukimwambia Kiplangat nitakuua."

Ningeweza kusema jambo jema. Niliwaza tu: kwa hiyo hata hiyo haikuwa kwa ajili yangu.

Alhamisi, 29 Machi

Tumefika kambi ya juu, chini kabisa ya Koitobos. Kilele si paa la nyumba tena. Ni ukuta wa mawe unaopotelea mawinguni.

Leo Mukhwana alipanda kwa kasi kuliko siku zote. Alikuwa akishindana na Kiplangat, mtoto wa mlima, akamshinda. Alikuwa wa kwanza kambini, akanipigia kelele kutoka juu, "Njoo, Mulongo! Hata kobe alifika!" Nilipanda mwendo wangu wa Cherangani, wa pua, nikiwa na chuki ya kunitosha njia nzima.

Nilipofika alikuwa amekaa juu ya jiwe, kichwa mikononi. Alisema ni jua. Chai alikataa. Chakula alikitapika.

Ijumaa, 30 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono umekufa kwa baridi.

Kulipopambazuka kulikuwa na tabaka nyembamba la barafu juu ya nyasi. Mukhwana alijaribu kusimama akayumba kama mlevi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na alisema kichwa kinapasuka. Mwalimu Nderitu alimtazama macho, akamwuliza yuko wapi, akajibu vizuri. Mwalimu akapumua.

"Ni ugonjwa wa mwinuko," alisema. "Niliwahi kuuona. Dawa ni kushuka. Kiplangat, wewe unaijua njia na juu umekwisha kufika na baba yako. Mshushe polepole hadi pangoni, mtusubiri huko." Kisha akanigeukia, na uso wake ulionyesha kwamba hapendi anachotaka kusema. "Mulongo, funga gunia lako."

"Mimi ni mzima, Mwalimu."

"Najua. Lakini nilimpa baba yenu neno langu. Wawili."

Nilipiga magoti nikaanza kufunga gunia, kwa sababu ndivyo nilivyozoea: akiugua, nakunywa kwinini. Wenzangu walikuwa wamesimama wakipuliza vidole. Kilele kilikuwa wazi kabisa, hakina hata wingu, na nyuma yake, upande wa Uganda, mawingu meusi yalikuwa yakipanda. Yale yale niliyoyaomba. Yangefika kabla ya adhuhuri.

Nilifunga fundo, nikalifungua.

Nilimwendea Mukhwana, nikachuchumaa mbele yake. Niliongea kwa lugha yetu ya nyumbani ili wengine wasielewe, ingawa Mwalimu alisikia sauti na akajitenga kidogo.

"Nataka kwenda juu," nikamwambia.

"Tutakuja mwaka ujao. Sote."

"Nataka kwenda leo. Bila wewe."

Alinitazama kama niliyemtemea mate. Sijawahi kumwomba kitu ambacho yeye hamo ndani yake.

"Papa alisema..."

"Papa yuko Bungoma. Wewe ndiye mkubwa. Ukimwambia Mwalimu kwamba umeniachia, ataniachia."

"Na mimi nishuke kama mzigo?"

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka, sijui ni ya kichwa au ya nini. "Mulongo, ukienda nitakuchukia. Kweli nakwambia. Nitakuchukia."

"Najua jinsi inavyokuwa," nikasema. "Mimi nakuchukia tangu Januari. Haiui."

Akacheka, kicheko kibovu kilichogeuka kuwa kutapika, nami nikamshika paji la uso hadi akamaliza. Akajifuta kwa nyasi. Akainua sauti, kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mwalimu! Huyu aende. Mimi ndiye Mukhwana, nimesema. Papa akiuliza, aniulize mimi."

Mwalimu Nderitu alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu. "Mmesikilizana?"

"Ndiyo," Mukhwana akasema.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

"Basi Mulongo atangulie. Hapa juu asiyeharakisha ndiye anayetangulia, sisi tutafuata mwendo wake. Leo sitaki kushusha mgonjwa mwingine."

Nilitangulia. Sikugeuka kuwatazama wakishuka. Niliogopa kwamba nikimwona ameegemea bega la Kiplangat nitarudi. Mbele yangu hapakuwa na kisogo cha mtu. Hapakuwa na kitu ila mawe, baridi, na pumzi yangu ikitoka kama moshi. Mara mbili niliwaza kwamba nimepotea, kumbe ni ule upya tu wa kutokuwa na mtu wa kumfuata. Sehemu ya mwisho ilitaka mikono. Nilishika mwamba, nikavuta, nikashika tena. Kisha mkono wangu ukapapasa hewa, nikajikuta nimesimama.

Juu ni tambarare, kama uwanja mdogo wa mawe. Upande mmoja kuna bonde kubwa la mviringo ambamo mlima ulilipukia zamani, na ndani yake maziwa madogo yanang'aa. Upande mwingine nchi yote imelala chini: Kitale, mashamba ya wazungu yamekatwa kama vipande vya nguo, na mbali kabisa, penye ukungu wa buluu, lazima ni kwetu. Nilikitafuta kijiji chetu, Bokoli. Sikukiona.

Nilidhani nitafurahi kwa sababu yeye hayupo. Nilifurahi kwa sababu mimi nipo. Halafu, nitasema kweli, nikafurahi pia kwa sababu yeye hayupo.

Jumamosi, 31 Machi

Mvua. Tumeteremka kwenye matope hadi magotini. Pangoni tulimkuta Mukhwana mzima, anakula ugali. Kushuka kumemponya, kama Mwalimu alivyosema. Aliniambia, "Mmerudi," kama mtu anayesalimia wageni. Hakuniuliza kitu. Kiplangat aliniuliza mambo mia. Hajaniita Nane na Nusu.

Jumanne, 3 Aprili

Mvua. Mukhwana bado hajauliza.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Edah alinikuta kwenye veranda ya kanisa. "Wewe ni yupi?" akauliza. "Mulongo. Ni mimi niliyekuazima kitabu." Nimehesabu: ni zaidi ya maneno manne.

Jumamosi, 7 Aprili. Bungoma

Shule imefungwa. Tuko katika nyumba ya Papa ya stesheni. Mayi, mama yetu, alikuja kutoka Bokoli na kuku mkononi, na bibi yetu naye akaja. Walitupapasa mikono na masikio kutafuta kilichopungua. Baada ya chakula Papa alisukuma kiti nyuma akasema, "Haya. Tusimulieni habari za Masaba." Akamgeukia Mukhwana. Wote walimgeukia Mukhwana.

Mukhwana alikuwa akichora mezani kwa kidole.

"Mimi sikufika," akasema. "Niliugua. Nilimwambia yeye aende."

Bibi alishika mdomo. Mayi akamtazama Papa. Papa aliweka kalamu zake sawa mfukoni, kama anavyofanya mizigo isipolingana na karatasi. "Mwalimu aliniahidi," alisema.

"Mwalimu alitaka kutimiza. Mimi ndiye niliyemzuia," Mukhwana akajibu. "Na tumerudi wawili, Papa. Si hawa hapa?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mwishowe alinigeukia, mimi, na nikaona kwamba hajui aanzie wapi na mimi, hajazoea. "Basi wewe ulifika," akasema. "Kukoje huko?"

Nilianza kwa kunong'ona. Bibi akasema, "Paza sauti, mwana, mvua inakula maneno yako." Nikapaza. Nikaeleza barafu juu ya nyasi, na mwamba, na mkono uliopapasa hewa. Mayi alisahau kutoa vyombo. Nilipofika kwenye maziwa yanayong'aa ndani ya bonde, nilimtupia Mukhwana jicho.

Alikuwa akinitazama, taya zimekaza, macho yamekauka, akijitahidi kutabasamu wakati wengine wanatabasamu. Sijawahi kuuona uso wangu ukiwa na kile kitu. Nimeubeba muhula mzima bila kujua unafananaje. Ni uso wa mtu mwenye njaa aliyekaa karibu na sahani ya mwenzake.

Ningeweza kufupisha. Ningeweza kusema, "Basi, hakukuwa na mengi, mawe tu," naye angepumua. Nilimwonea huruma, na ilikuwa huruma ya kweli.

Nikaendelea kusimulia. Sikupunguza kitu.

Jumapili, 8 Aprili

Mvua imekatika kabla ya kanisa. Mukhwana aliamka mapema, akavaa ndara zake, akatoka na kushika njia ya reli kuelekea magharibi, peke yake. Mayi aliniamsha akasema, "Mfuate ndugu yako."

Nilimwambia, "Mayi, mwache aende." Nikabaki mlangoni nikimtazama hadi kona ya stesheni ikamficha.